Risala ya Mtu Aliyekaa Miaka Thelathini

Kuna risala ambayo mtu anaweza kuiandika bila kumfahamu kabisa anayepongezwa. Unaanza na mwaka alioajiriwa, unataja idara alizopitia, unamwaga "mchapakazi", "mwadilifu" na "mfano wa kuigwa", unachomeka mvumilivu hula mbivu karibu na mwisho, kisha unamkaribisha mkurugenzi akabidhi cheti. Inamfaa mhasibu, inamfaa dereva, inamfaa mkuu wa maabara. Badilisha jina tu, mwakani itatumika tena. Naifahamu kwa sababu kazini kwetu uandishi huo huniangukia mimi. Ilianzaje sikumbuki vizuri. Nadhani niliandika moja watu wakacheka palipostahili kucheka, na tangu hapo, sherehe za watumishi wa muda mrefu zikikaribia, idara ya utumishi hunitumia orodha: jina, tarehe ya kuajiriwa, cheo cha sasa. Basi, hakuna kingine.

Ukiitazama orodha hiyo kwa makini unaona jinsi tunavyojua kila kitu kuhusu muda na karibu hatujui lolote kuhusu kazi. Fulani, miaka 30. Fulani, miaka 25. Alikuwapo, bado yupo, hongera. Lakini kuwapo si kazi. Hata kabati la mafaili limekuwapo. Mtu aliyetoa nusu ya umri wake mahali pamoja anastahili kuambiwa, mbele ya wenzake, ni kitu gani hasa alichofanya ambacho kisingefanyika bila yeye. Kama hatuwezi kukisema, tunachosherehekea ni kalenda.

Kwa hiyo siku hizi nikipata orodha nazunguka. Na sianzii kwa mhusika, kwa sababu wakongwe wengi hawajui kujieleza. Si unyenyekevu, au si unyenyekevu peke yake. Jambo ulilolifanya kila siku kwa miaka linaacha kuonekana machoni pako. Mfano ni msimamizi wetu wa ghala la vipuri. Nilipomuuliza muda wote huo amekuwa akifanya nini, aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. "Natoa vipuri, mwanangu. Napokea, napanga, natoa."

Nikaenda kwa mafundi. Mmoja akanishika mkono akanipeleka hadi kwenye rafu ya boliti, akanionyesha maboksi mawili yaliyokaa sambamba. Namba ya kipuri iliyobandikwa ni ileile kwenye maboksi yote mawili, na ndani ya kompyuta zote ni mstari mmoja. Kumbe mtengenezaji alibadilisha meno ya boliti hizo zamani sana bila kubadilisha namba. Kwa macho huoni tofauti. Ukichukua ya mashine mpya ukaifunga kwenye mashine ya zamani, inaingia vizuri mizunguko miwili mitatu, unadhani imekubali, kisha inakaza. Fundi mwenye haraka anachukua spana ndefu na kukandamiza. Hapo haiharibiki boliti tu, linaharibika tundu lenyewe: meno ya ndani yanasagika, na tundu haliagizwi kama kipuri.

Mzee alikuwa ameligundua hilo peke yake. Akazitenganisha, na mbele ya kila boksi akaandika kwa penseli: ZA ZAMANI, MPYA. Maandishi yenyewe yalinishangaza kuliko yote. Ilikuwa penseli juu ya penseli, herufi zimenenepa, kwa sababu kila yalipofifia aliyapitia tena. Hakuna aliyemtuma. Hakuna waraka unaoyataja maboksi hayo. Mafundi wachanga walifundishwa na mafundi wakubwa kwamba boliti za mashine hizo huchukui mwenyewe, unamwomba mzee, na sababu wengi wao hawakuijua.

Risala yake ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilieleza boliti, nikaeleza penseli, nikakaa. Mafundi walipiga kelele hadi mshereheshaji akashindwa kuendelea na ratiba. Baadaye mkurugenzi aliniuliza pembeni kama ni kweli kwamba mfumo unaziona boliti zile kuwa kitu kimoja. Nikamwambia ni kweli. Zikatenganishwa, kila moja ikapewa namba ya ndani, jambo ninalojivunia kuliko inavyostahili.

Ghala letu halina upekee wowote katika hili. Taasisi zenye fedha na ulinzi wa kutisha zimejikuta pabaya zaidi. Miaka ya 2000 Marekani ilikuwa inakarabati vichwa vya nyuklia vya aina ya W76. Ndani yake mna kitu cha siri kilichopewa jina la Fogbank, ambacho uzalishaji wake ulisimama mwaka 1989. Walipotaka kukitengeneza upya, mtambo wa zamani haukuwapo tena, kumbukumbu za utengenezaji zilikuwa chache, na karibu watu wote waliokuwa na ujuzi huo walishastaafu au kuondoka. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo iliyaandika hayo kwenye taarifa yake ya Machi 2009. Kazi ilichelewa, gharama zikapanda, na wataalamu wakalazimika kujifunza upya kitu ambacho nchi yao ilishakijua.

Aprili 2020, maombi ya mafao ya wasio na ajira yalipofurika kwa sababu ya korona, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alisimama mbele ya waandishi wa habari akaomba watu wa kujitolea wanaoijua COBOL. Hiyo ni lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959. Mifumo ya jimbo ilikuwa bado inaitegemea, na walioifahamu wengi wao walikuwa wameshakwenda kupumzika. Nikisoma habari kama hizo huwa najiuliza: watu hao walipoagwa, risala zao zilisema nini? Nadhani zilisema "mchapakazi".

Lakini hadithi ya Fogbank ina mkia ambao wapenzi wa wakongwe, mimi nikiwamo, hatupendi kuusimulia. Bidhaa mpya ilipotoka haikuwa sawasawa, na uchunguzi ukaonyesha sababu: usafishaji wa kisasa wa malighafi moja ulikuwa unaondoa uchafu fulani ambao, kumbe, ndio ulioifanya ile ya zamani ifanye kazi. Watengenezaji wa kwanza nao hawakujua. Walifanikiwa bila kufahamu kwa nini. Kwa hiyo hata kama wangerudishwa wote, wangefuata njia yao ya zamani, wakashangaa kama wenzao. Mkongwe si kitabu cha majibu yote. Kuna mambo anayajua, kuna mengine anayafanya tu kwa sababu ndivyo yalivyofanywa siku zote, na mara nyingine hayo mawili yeye mwenyewe hawezi kuyatofautisha. Nimewahi kukutana na mtu wa miaka 28 kazini ambaye ujuzi wake mkubwa ulikuwa kuzuia kila kitu kipya. Naye alipewa cheti. Risala yake niliandika ile ya kawaida.

Sababu ya kukaa nayo tunaipaka rangi mno. Kila sherehe utasikia "uaminifu", "mapenzi kwa kampuni". Bila shaka wapo wa hivyo, ila ukiwauliza watu faragha unapata majibu mengine. Huyu alikuwa na mtoto mgonjwa na ofisi ilikuwa karibu na hospitali. Yule alikuwa anamalizia mkopo wa nyumba. Mwingine alitaka kuondoka mara nyingi lakini kila akikaribia, bosi mbaya anahamishwa, anakuja mzuri, anaghairi. Mwingine aliogopa tu. Sioni aibu katika sababu hizo hata moja. Naona aibu katika kuzifunika kwa maneno matamu, kana kwamba mtu mzima hawezi kuwa na maisha nje ya lango la kampuni.

Bette Nash alianza kazi ya uhudumu wa ndege mwaka 1957 na aliendelea nayo mpaka alipofariki Mei 2024, akiwa na umri wa miaka 88. Guinness World Records walimtambua kuwa mhudumu wa ndege mwenye utumishi mrefu kuliko wote duniani. Kwa ukongwe wake alikuwa na haki ya kuchagua safari yoyote, zikiwamo zile za mbali zinazopendwa. Miaka nenda rudi alichagua ileile fupi ya Washington hadi Boston, na alieleza sababu yake waziwazi: alikuwa na mwana mwenye ulemavu wa Down syndrome, alitaka kulala nyumbani kila usiku. Hapo ndipo ulipo urefu wa utumishi wake. Unaweza kuuita uaminifu, ila uulize kwanza uaminifu kwa nani.

Halafu kuna "kampuni moja" yenyewe. Nash aliajiriwa na Eastern Airlines. Huduma ya njia ile ikauzwa ikawa Trump Shuttle, ikapita tena mikononi mwa wengine ikawa ya US Airways, na mwisho US Airways ikaungana na American Airlines. Yeye alibaki kwenye njia. Ni kampuni ndizo zilizokuja na kuondoka. Nimeona hivyo hivyo kwa kiwango kidogo. Nembo kwenye lango imebadilishwa, sare zimebadilishwa rangi, wakurugenzi wamepishana, idara imeitwa majina matatu tofauti, na katikati ya hayo yote kuna mama mmoja wa mishahara anayejua kwa nini fomu ile ina kisanduku kisichojazwa na mtu. Ni nani hasa aliyekuwa mwaminifu kwa mwenzake? Cheti chake cha miaka 25 alikabidhiwa na mkurugenzi aliyekuwa na miezi michache tangu ahamie kwetu, na jina lake la ukoo likawa limekosewa herufi moja. Alilisahihisha kwa kalamu palepale mezani, bila hasira, kama anavyosahihisha fomu za wengine.

Rekodi ya dunia ya kukaa kampuni moja ni ya Mbrazili, Walter Orthmann. Aliingia kiwanda cha nguo katika mji wa Brusque, jimbo la Santa Catarina, tarehe 17 Januari 1938, akiwa na miaka 15, kama msaidizi wa kusafirisha bidhaa. Januari 2022 Guinness World Records walithibitisha kuwa ametimiza miaka 84 na siku 9 palepale. Kiwanda kilibadilisha jina, na mshahara wake ulilipwa kwa sarafu tofauti tisa kadiri nchi yake ilivyokuwa ikibadilisha fedha. Ukiishia hapo umepata maajabu ya kuwasimulia wenzako. Mimi kinachonivutia ni kingine. Alipopandishwa akawa muuzaji, alitumwa São Paulo, na kwa muda usiofika wiki alirudi na oda za kukifanya kiwanda kifanye kazi miezi mitatu. Hilo ndilo la kuweka kwenye risala. Miaka 84 ni yake na Mungu wake. Zile oda ni za kila aliyekuwa na kazi kiwandani msimu ule.

Kuna malalamiko yanayorudi kila sherehe, kwamba vijana wa siku hizi hawakai. Mzungumzaji mmoja lazima alitoe, na ukumbi mzima hutikisa vichwa. Takwimu zinalipokea kwa mashaka kidogo. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani hupima muda ambao watu wamekaa kwa mwajiri wao wa sasa. Ukiwapanga wafanyakazi wote kwenye mstari kuanzia mgeni hadi mkongwe, yule wa katikati kabisa, Januari 2024, alikuwa na miaka 3.9. Kipimo hicho hakijawahi kuwa chini hivyo tangu 2002, na magazeti yaliandika sana. Lakini mwaka 2000 kilikuwa 3.5. Mwaka 2012 kilikuwa 4.6. Kinapanda na kushuka. Ajira zikiwa nyingi watu huhama, hali ikiwa ngumu hushikilia walipo. Na umri ndio unaoamua zaidi: mwaka huo wa 2024, wenye miaka 55 hadi 64 walikuwa kwenye 9.6, wenye 25 hadi 34 kwenye 2.7. Kijana hawezi kuwa na miaka 20 kazini hata akitaka. Hao wakongwe tunaowapigia makofi, ukiwachimba, wengi walibadilisha kazi mara kadhaa kabla hawajatulia.

Hata Japani, ambako tunaambiwa mtu akiajiriwa ameajiriwa hadi kustaafu, jambo hilo halikuwa la kila mtu. Mwaka 1958 Mmarekani James Abegglen ndiye aliyeueleza utaratibu huo kwa ulimwengu, na sifa ikasambaa. Kwa kweli uliwahusu zaidi wanaume wenye ajira za kudumu katika kampuni kubwa. Wanawake, vibarua na watu wa viwanda vidogo walibaki nje, wakiwa ndio mto wa kuegemea nyakati za dhiki, maana wao ndio waliopunguzwa kwanza. Kila ukisikia kampuni inajisifu kwa watumishi wake wa miaka mingi, uliza ni nani hakuruhusiwa kuwa mmoja wao.

Nisionekane napinga sherehe. Nazipenda, na desturi ya kuheshimu muda ina historia ndefu. Mwaka 1830 mfalme William IV wa Uingereza alianzisha medali ya askari waliotumikia muda mrefu kwa nidhamu njema: miaka 21 kwa askari wa miguu, 24 kwa wa farasi. (Kwa nini mwenye farasi asubiri zaidi, nawaachia wanajeshi.) Mwaka 1924 IBM ilianzisha klabu ya watu waliotimiza robo karne, na kampuni nyingine nyingi zikawa na klabu za namna hiyo.

Ila zawadi ninayoiona bora kuliko saa zote na ngao zote ni ile ya Australia: likizo. Katika karne ya 19, watumishi wa serikali katika makoloni ya Victoria na Australia Kusini walipewa likizo ndefu baada ya kutumikia miaka mingi, ili wapate muda wa kupanda meli, kwenda Uingereza kuona jamaa zao, na kurudi. Meli zimekwisha, likizo imebaki, na leo ni haki ya kisheria kwa wafanyakazi wa kawaida. New South Wales, kwa mfano, ni miezi miwili yenye malipo baada ya miaka 10. Mtu ametoa muda, anarudishiwa muda. Hakuna ukumbi, hakuna kipaza sauti kinachokoroma, hakuna mimi na risala zangu. Na katika sekta ya ujenzi huko, miaka hiyo humfuata mfanyakazi hata akihama kutoka kwa mkandarasi huyu kwenda kwa yule, kwa sababu kila mtu anajua mjenzi hawezi kukaa na bosi mmoja wakati jengo lenyewe linakwisha.

Ufaransa nayo ina medali ya heshima ya kazi: fedha kwa miaka 20, kisha ngazi ya pili kwa 30, dhahabu kwa 35, na dhahabu kuu kwa 40. Siku hizi haiulizi umepitia kwa waajiri wangapi; inahesabu miaka ya kazi. Hapo wameligusa jambo lenyewe. Heshima ni ya aliyefanya, si ya nembo iliyokuwa juu ya lango.

Nembo nazo zina usahaulifu wao. Nilipokuwa bado kijana nilifanya kazi mahali ambapo sherehe ya wakongwe ilifanyika kwa kishindo, picha zikabandikwa ukutani kwenye korido, na kabla mwaka haujaisha ikaja barua ya kupunguza wafanyakazi. Vigezo vilikuwa vya kihasibu tu: aliyekaa muda mrefu ana mshahara mkubwa, kwa hiyo akiondoka unaokoa zaidi. Nusu ya waliokuwa kwenye picha waliipata barua hiyo. Picha hazikuondolewa, nadhani hakuna aliyekumbuka, na ikawa ukienda chooni unapita mbele ya nyuso za watu waliofukuzwa wakiwa wameshika ngao. Tangu hapo nikisikia "ninyi ni familia yetu" kwenye kipaza sauti, nasubiri bajeti.

Yupo aliyewahi kufanya kinyume chake. Mwishoni mwa 1929, mdororo wa uchumi ulipomfika Konosuke Matsushita, mwanzilishi wa kampuni iliyokuja kuitwa Panasonic, mauzo yalianguka na maghala yakajaa. Wasaidizi wake walipendekeza nusu ya wafanyakazi waondolewe. Akakataa. Akaamua uzalishaji upunguzwe nusu, watu wafanye kazi nusu siku, mishahara ibaki kamili, na muda uliobaki kila mmoja akauze mzigo uliolala ghalani. Ndani ya miezi michache mzigo ukaisha. Hakuwa malaika, alikuwa mfanyabiashara, na alijua kwamba anayefahamu kutengeneza bidhaa ile hapatikani kwa tangazo. Lakini wafanyakazi wale, wakaulizwa baadaye kwa nini walikaa, wangekuwa na kitu cha kujibu.

Basi ninavyofanya sasa ni hivi. Namtafuta aliyewahi kukaimu nafasi ya mhusika alipokuwa likizo, kwa sababu huyo ndiye aliyeonja. Namuuliza nini kilikwama. Hapo ndipo yanapotoka: mteja fulani ambaye haongei na mtu mwingine, vali inayofungwa kwa kuzungushwa upande usiotarajiwa, ripoti ya mwisho wa mwezi ambayo mfumo huikosea na mtu mmoja huirekebisha kimyakimya kabla haijafika juu. Nachagua moja. Moja tu, maana nimeona risala yenye mema kumi inasikika kama ile isiyo na jema hata moja. Kisha namrudia mhusika na kumwomba anieleze kwa kirefu, na mara nyingi anafunguka kwa sababu sasa haulizwi kuhusu maisha yake, anaulizwa kuhusu vali. Mtu ambaye dakika ishirini zilizopita alisema hana la kusema atakueleza vali mpaka uangalie saa.

Wakubwa nawaomba kitu kimoja: sherehe zisingoje kustaafu. Mtu anayeondoka kesho hana wa kumrithisha. Mpongeze akiwa na miaka 15, au 20, mtaje kwa kile anachokijua, halafu mpe kijana wa kukaa naye na muda wa kufanya hivyo ulioandikwa kwenye ratiba. Bila muda, "uwafundishe vijana" ni maneno ya kipaza sauti.

Mwaka huu kwenye orodha yumo fundi umeme. Aliyekaimu nafasi yake aliniambia habari za swichi kubwa ya jengo la nyuma na mpangilio wa kuiwasha baada ya umeme kukatika; nikadhani nimepata risala yangu. Nilipokwenda kumhoji, fundi akanikatiza. Mpangilio ule, akasema, hakuugundua yeye. Mtu aliyemwambia kwamba taa za ngazi huwa zinapepesa kabla swichi haijaruka ni mama wa usafi wa jengo lile, anayeingia alfajiri kabla ya watu wote, na anayeyaona yale ambayo mchana hayaonekani. Mama huyo alikuwapo kabla fundi hajaajiriwa. Kwenye orodha hayumo, wala hatakuwamo, kwa sababu usafi umekodishwa kwa wakala, na kila zabuni inapobadilika anasaini mkataba mpya na wakala mpya, ndoo ileile, ngazi zilezile, na miaka yake inaanza kuhesabiwa upya. Nchi za Ulaya zina sheria tangu 1977 kwamba biashara ikihamishwa kwa mmiliki mwingine, mfanyakazi huhama na haki zake. Yeye hana kitu kama hicho.

Nimeuliza idara ya utumishi kama anaweza kuongezwa. Nimejibiwa kwa heshima kwamba si mfanyakazi wetu. Fundi amesema kama ni hivyo, risala yake isomwe, ila robo tatu ya maneno yawe ya mama yule, na aalikwe akae meza ya mbele. Nimeiandika hivyo. Imetumwa kwa mkurugenzi ili aipitie, na bado haijarudi.